Klementine na Mti wa Zamani

Mwandiko wangu ni mzuri. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililotuponza. Nilikuwa karani wa komini ya Shituru kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo, mstaafu mwenye goti bovu, watu wa avenyu yetu bado huja kwangu na karatasi zao: barua ya kwenda kwa mkuu wa shule, tangazo la msiba, maneno ya kusoma harusini. Naandika pole pole, herufi zimesimama wima, bila kufuta hata nukta. Lakini habari hizi si zangu. Ni za jirani yangu Germaine, na mimi nimo ndani yake kama mchanga ulivyo ndani ya mchele.

Germaine ana miaka sitini na ushee. Alizaliwa hapa hapa Shituru, kwenye nyumba za kampuni, baba yake akiwa mtu wa Kasai aliyeletwa na kazi ya kiwanda, kama baba yangu mimi. Ni mwanamke mfupi, mikono minene, na sauti yake inaweza kumsimamisha mtu upande wa pili wa soko. Miaka thelathini aliuza maharagwe kwenye meza moja karibu na mlango. Akikupimia, alikuangalia wewe machoni, wala si kopo, na kopo lilijaa sawasawa. Anacheka haraka, na kukasirika haraka zaidi.

Mumewe aliitwa Octave. Yeye alikuwa mrefu na mkimya, na kazi yake ilikuwa bustani ya watawa. Alijifunza kwa mtawa mmoja mzee aliyetoka Ulaya, na siku mtawa yule alipokuwa anarudi kwao kupumzika, alimwachia Octave miche miwili ya maua ambayo kwa Kifaransa huitwa clématite. Ni mmea unaopanda ukutani. Hauna miiba, wala hauna mizizi ya kujibandika kwenye matofali. Vikonyo vya majani yake ndivyo vinavyojizungusha kwenye waya au ubao na kushika. Mmoja ulitoa maua makubwa ya zambarau. Wa pili ulitoa maua meupe, madogo, yenye petali nne na harufu ya vanila, lakini mengi, mengi mno, mpaka majani yalikuwa hayaonekani.

Octave alisema "clématite". Masikio ya Shituru yalisikia "Clémentine". Wakati huo Germaine alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, na kisimani wanawake wakamwambia, kwa huruma ya uongo, kwamba bwana wake kila siku baada ya kazi hubaki kwa watawa na Clémentine. Germaine aliondoka jikoni jinsi alivyokuwa, mwiko wa bukari, yaani ugali, mkononi, unga ukiwa bado umeshika kwenye ubao wa mwiko, akavuka mtaa mzima.

"Iko wapi huyu Clémentine? Atoke, nimuone na macho yangu!"

Octave alikuwa amechuchumaa, anafunga tawi na uzi. Hakuinuka, aliunyooshea mmea kidole.

"Njo huyu, Germaine. Musalimie."

Kisa hicho kilizunguka Shituru nzima, na tangu siku ile mmea ukawa mtu. Klementine ameamkaje? Klementine ana kiu. Hata mimi ambaye sipendi watu kuharibu majina, nilizoea.

Mwaka wa tisini na mbili, sisi watu wa asili ya Kasai tulipofukuzwa mjini Likasi na kujazana kwenye stesheni tukingoja treni, kila familia ilibeba ilichoweza. Wengine masufuria, wengine milango ya nyumba zao. Octave alibeba kopo la maziwa ya unga, ndani yake udongo na kipande cha Klementine mweupe chenye mizizi. Germaine alimtukana njia nzima, lakini mimi niliyekuwa behewa moja nao niliona ni nani aliyekuwa akilinyweshea kopo lile maji yake ya kunywa. Kule Kasai Klementine aliishi kwenye ndoo. Tuliporudi Likasi miaka sita baadaye, alirudi nasi.

Safari hii Octave alimpanda kwenye ukuta unaotenganisha lupango yao, yaani kiwanja chao, na yangu, upande wao. Alipigilia ukutani fremu kubwa ya mbao zilizotoka kwenye behewa bovu la zamani, ili Klementine apate pa kushika. Wa zambarau alikuwa amebaki kwa watawa miaka yote. Octave akapewa tawi lake, akampanda kwenye uzio wa waya karibu na geti. Basi kila mwezi wa nane, vumbi likiwa limeufanya mji wote kuwa mwekundu na mvua bado haijafikiriwa, ukuta ule ulikuwa mweupe kutoka juu mpaka chini. Watu waliotoka misa ya asubuhi walisimama getini kuangalia. Octave alituwekea viti chini yake, mimi na mke wangu Georgette, yeye na Germaine, na kila mwaka alisema neno lile lile.

"Siku nitaenda, nitakuwa nabasalimia na Klementine. Kila mwezi ya nane."

Alitaka kusema maua yale yatakuwa salamu zake akishakufa. Tulicheka, maana alikuwa mzima. Aliyetangulia ni Georgette wangu. Watoto wetu wawili wako mbali na wana mambo yao, kwa hiyo tangu hapo nyumba yangu imekuwa ya mtu mmoja, redio moja na sufuria moja.

Octave alianza kuumwa mapafu mwishoni mwa mwaka wa 2019. Mwezi wa pili alikuwa hospitalini na kila mtu alishajua, yeye kwanza. Aliniita na kalamu yangu.

"Camille, mbuyi, rafiki yangu, andika. Ni ya Germaine. Asisumbuke na maua." Alipumua kidogo. "Ile ya mauve, mu mwezi ya saba, unakata mupaka mu magoti. Asiogope, itaota tena. Ile ya mweupe, haiko sawa na ile ingine. Le vieux bois, asiguse. Maua inatokaka pale."

Sasa niseme ugonjwa wangu. Siwezi kuandika Kifaransa katikati ya Kiswahili. Wakizungumza, sawa, sisi wote ndivyo tunavyozungumza; lakini kwenye karatasi inanichoma macho. Isitoshe, Germaine hasomi Kifaransa vizuri. Kwa hiyo nilimtafsiria Octave maneno yake, kwa wino wa buluu, herufi wima: "Ya zambarau: mwezi wa saba, kata mpaka magotini. Nyeupe: usiguse mti wa zamani, maua hutokea hapo." Nilimsomea. Alikuwa amefumba macho. Alitikisa kichwa, nami nikachukulia kwamba amekubali. Alifariki mwezi wa tatu.

Germaine aliitia karatasi ile kwenye kava ya plastiki na kuiweka ndani ya Biblia. Baada ya matanga alimwachia mdogo wake meza ya sokoni, akachukua sekateri ya Octave, ile mikasi mifupi ya kukatia matawi, akaipaka mafuta. Miaka yote alikuwa hajui chochote cha kazi ile zaidi ya kwamba mwezi wa saba Octave huonekana na sekateri. Saa za kukata, yeye alikuwa sokoni. Mwezi wa saba ulipofika, alikata Klementine wa zambarau mpaka magotini. Kisha akaenda kwa mweupe, akamkata mpaka magotini vile vile, akidhani sheria ni moja. Mbao zile za behewa hakuzigusa, maana karatasi imesema: usiguse mti wa zamani, na kwetu ubao pia ni mti. Hata msumari uliotoka aliurudisha taratibu, kwa jiwe lililofungwa kitambaa.

Wa zambarau alitoa maua kuliko wakati wowote. Watu wakaanza kumwita Germaine. Huyu anataka bougainvillea yake ipunguzwe, yule ua lake limelala barabarani, watawa wakampa uzio wao wote. Ana jicho. Anasimama mbele ya mmea mikono kiunoni, anaugombeza kwanza, ndipo anakata, na baada ya mvua mbili unaona alikuwa na haki. Nimemwona akimfukuza mwenye nyumba kwenye bustani yake mwenyewe kwa sababu bwana huyo alishika panga.

Mweupe, hakuna. Mwezi wa nane wa kwanza, majani tu. Germaine akasema mmea unaomboleza, mwakani. Mwaka wa pili, majani. Aliweka samadi ya kuku. Mwaka wa tatu, majani mazuri, mapana, ungedhani ni mboga. Mtaani watu hawana dogo: walianza kusema Papa Octave ameondoka na neno moyoni. Mmoja alisema ni kwa kuwa aliiacha meza ya soko, mwingine kwamba mwanamke hakupaswa kushika sekateri ya marehemu. Germaine aliwajibu wote, na majibu yake mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini jioni moja alikaa kwenye kiti cha Octave chini ya ukuta ule, akaniita, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Papa Camille, weye ulimujua. Minye nilimukosea Octave nini? Nilimupikia, nilimuosha, nilimulilia. Sasa anakatala kunisalimia juu ya nini?"

Nilimwambia asubiri. Nilimwambia mimea ina tabia zake. Nilirudi kwangu nikiwa nimeona aibu mpaka kwenye miguu, na sasa lazima nieleze ni kwa nini.

Chini ya ukuta wetu kuna tundu la kupitishia maji ya mvua, mahali pa urefu wa kifundo cha mguu. Zamani, Octave akiwa hai, tawi moja la Klementine mweupe lilipita kwenye tundu hilo likaja upande wangu, nyuma ya jiko, mahali ambapo mimi mwenyewe huenda kwa nadra. Likapanda kwenye tangi bovu la maji, likafika kwenye bati. Sekateri ya Germaine ilikata magotini. Tawi lile lilipita chini yake, hakulijua. Na mimi sikati kitu. Mwezi wa nane wa kwanza baada ya msiba, ukuta wa Germaine ukiwa na majani matupu, nilifuata kuni nyuma ya jiko nikakuta tangi lote limekuwa jeupe.

Nilisimama pale na kuni zangu. Octave alisema atasalimia na Klementine. Na salamu imekuja kwangu. Unamwambiaje mjane kwamba bwana wake amemruka akasalimia jirani? Na mtaa je? Hapa kwetu, maua ya marehemu yakitoka kwa mtu mwingine, watu hawasemi mizizi imepita kwenye tundu. Wanasema bulozi, uchawi. Wanasema yule mzee aliyeandika karatasi pale kitandani aliandika na nini kingine? Basi nilikata maua yale, nikayatia kwenye mfuko wa saruji, nikayafukia. Mwaka wa pili vile vile. Wa tatu. Nilikuwa nafukia salamu za rafiki yangu kama mtu anayeficha kuku wa wizi.

Mwaka wa nne, mvua za mwezi wa kwanza zililegeza fremu. Mbao za behewa zilikuwa zimeoza, mchwa wamekula ndani kukabaki ganda. Siku moja ubao mmoja ukaanguka hatua mbili kutoka mahali Dodo, mjukuu wa Germaine, alipokuwa anacheza. Baba yake Dodo ni Jean-Luc, mtoto wa pekee wa Germaine, anayefanya kazi kwenye machimbo ya chokaa Kakontwe. Ni kijana mpole, lakini siku ile alikuja ameshika ubao ule ulioanguka.

"Mama, ile mbao ilioza. Nitaitosha yote, niitupe, na ukuta nitajenga mupya."

"Hautaguse! Baba yako alisema muti ya zamani isiguswe. Iko mu karatasi!"

"Mama, karatasi haiko mutoto. Dodo njo mutoto."

Waligombana mpaka Germaine akalia, na Jean-Luc akiona mama yake analia hujikunja. Wakapatana. Dodo asicheze tena upande ule, na mbao zibaki mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Maua yakitoka, Jean-Luc atatafuta njia ya kuziokoa. Yasipotoka, Jumamosi ya mwisho anabomoa ukuta, mbao, na mizizi itang'olewa kwa sababu msingi mpya utapita pale pale. Germaine alikubali. Mwezi wa saba ulipofika alikata kwa makini kuliko miaka yote, akifuata karatasi neno kwa neno.

Ukuta ni wetu wote wawili, kwa hiyo wiki ya mwisho Jean-Luc alikuja na karatasi niweke sahihi. Aliniambia, akiangalia chini, "Papa Camille, hakuna hata ua moja. Inaniuma, mais tufanye namna gani?" Upande wa pili wa jiko langu, hatua kumi kutoka mahali aliposimama, tangi lilikuwa jeupe tayari. Nikaweka sahihi. Niseme ukweli wote: nilifurahi. Mizizi ikitoka, na tawi langu litakufa, na sitafukia tena kitu. Sahihi yangu ilikuwa nzuri sana.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya kubomoa, Germaine alibisha mlango wangu. Alikuwa amevaa kitenge cha kazi, magoti yana udongo. Nyuma yake, kwenye lupango yake, niliona jembe limesimama karibu na ukuta.

"Papa Camille, uko na kopo ya maziwa? Ile mukubwa?"

"Ya nini?"

"Nitatosha muzizi kiloko, nipande mu kopo. Hata kama hatoi maua. Alitoka na siye ku Kasai, sitamutupa ku lupango yangu mwenyewe."

Mwanamke wa miaka ile, anatafuta kopo. Niliona tena behewa, na yeye akimtukana Octave huku akimwagia udongo maji yake ya kunywa. Kopo nilikuwa nalo, lilikuwa na sukari. Nilisema, "Kuya huku, Mama Germaine," nikampeleka nyuma ya jiko.

Germaine aliinua mkono akagusa ua la karibu. Jua la asubuhi lilikuwa linagusa bati, na maua yalikuwa hayana idadi, yamefunika tangi, yamefunika bomba, mengine yananing'inia mpaka kwenye rundo la makala, mkaa wa kupikia. Harufu ya vanila ilijaa pale nyuma.

"Tangu wakati gani?" aliuliza mwishowe.

"Tangu alikufa."

"Miaka ine."

"Miaka ine."

"Na ukanyamaza. Unaniona nalia, na weye unanyamaza."

"Niliogopa, Mama Germaine. Alisema atasalimia na Klementine, kisha anakuya ku minye. Niliwaza utasema nilikuibia. Nilikuwa nakata, nafukia."

Alifungua kitenge alichojifunga begani akanichapa nacho. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwenye mgongo, na hakuwa anatania. Sikujikinga. Alipochoka alisimama akihema, na ndipo nikaona mikono yake imeanza kazi bila yeye kuiambia. Ilishika tawi pale juu kwenye maua, ikalifuata kushuka. Juu lilikuwa jembamba, la kahawia; chini zaidi lilikuwa nene kama kidole gumba, gome limechanika nyuzi nyuzi. Alichuchumaa. Alifika kwenye tundu. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa upande wa pili.

"Nani alikataka hii?"

"Hakuna muntu."

"Hata siku moja?"

"Maua tu. Muti yenyewe sikuigusa."

Alirudi tena juu, akatazama ua moja moja lilipotokea. Kila moja lilitoka kwenye kifundo cha tawi la mwaka jana. Kwenye vichipukizi vya kijani, vya mwaka huu, hakukuwa na hata moja. Akaenda kwake mbio, akarudi na Biblia. Alitoa karatasi kwenye plastiki, akaisoma kwa kidole, kisha akainua macho.

"Papa Camille. Octave alisema namna gani? Na kinywa yake. Usinifanyie Kiswahili ya bureau."

Nikamwambia. "Alisema, le vieux bois, asiguse. Minye nikaandika mti wa zamani."

"Vieux bois, ni ubao?"

Nilifungua mdomo kumjibu, na hapo hapo, mbele ya tawi lile nene lenye gome lililochanika, nikaelewa nilichofanya. Bois: kwa Kifaransa ni ubao, na ni tawi lililokomaa pia. Octave hakuwa anazungumzia mbao za behewa hata kidogo. Alikuwa anazungumzia tawi la mwaka uliopita, mwili wenyewe wa Klementine uliokwisha kukomaa. Mtu wa bustani angelijua. Mimi nilijua herufi.

"Apana," nikasema. "Ni hii." Nikagusa tawi.

Germaine alikaa chini, kwenye makala, na kitenge chake cha kazi.

"Minye nilichunga mbao miaka ine," alisema. "Nilirudisha mpaka misumari. Na Klementine mwenyewe nikamukata kila mwaka, siku chache mbele ya kufungua kinywa."

Nilidhani atalia, na kweli alilia, lakini uso wake ulikuwa unafunguka. Alikuwa anacheka ndani ya machozi, anajipiga paja kwa mkono mweusi wa makala.

"Hakukasirika! Papa Camille, unasikia? Octave hakunikasirikia. Ni sekateri yangu njo ilimufunga kinywa!"

Nililia na mimi. Sioni haya kuandika hivyo.

Jumamosi Jean-Luc alifika na watu wawili na nyundo, akamkuta mama yake amekwisha kubomoa fremu ya mbao peke yake. Mbao zilikuwa jikoni, zinapika maharagwe. Alimwonyesha tangi langu, akamwonyesha ukuta, akamweleza yote kwa sauti ambayo avenyu nzima ilipata faida yake, na kosa langu halikusahauliwa. Jean-Luc aliniangalia, mzee aliyeweka sahihi. Alitoa mfukoni karatasi ya sahihi yangu, akaichana taratibu vipande vinne na kunirudishia. Kisha akachimba msingi kwa kuzunguka mizizi. Ilichukua siku tatu badala ya moja. Ukuta mpya ukapata nyaya badala ya mbao, na chini, mahali pa tundu, alijengea kipande cha bomba ili tawi langu lipite bila kubanwa. Hilo hakuna aliyemwomba.

Mwezi wa saba uliofuata, Germaine alikata wa zambarau mpaka magotini. Mbele ya mweupe alisimama mikono kiunoni, akatoa vijiti vikavu vitatu, akaweka sekateri mfukoni. Vidole vilikuwa vinamwasha, nilimwona. Mwisho wa mwezi kila kifundo kilikuwa na kitu kama punje ya mtama. Alikuwa anakuja kuzihesabu asubuhi kabla ya chai, na kunipigia kelele hesabu ng'ambo ya ukuta kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza.

Yalifunguka siku ya Kupalizwa kwa Bikira Maria. Waliotoka misa walisimama getini, wakaingia, wakajaa. Germaine alitoa viti vyote. Watawa wanataka miche, naye amekwisha kulaza matawi manne kwenye udongo yatoe mizizi. Safari hii maelekezo ya kukata aliyatamka yeye, akanifanya niyasome kwa sauti mara tatu. Niliandika "tawi la mwaka jana, lenye gome, vieux bois". Kifaransa kile kimebaki hapo katikati, kinanichoma macho mpaka leo.

Siku ile ile, watu walipokuwa upande wake wanakula, nilichukua ngazi nikaenda nyuma ya jiko na sekateri yake niliyoiazima kwa uongo. Nilitaka kulitoa tawi langu, nianzie juu kwenye bati nishuke mpaka kwenye bomba. Ukuta wake sasa ulikuwa mweupe, bwana wake amemsalimia, na mimi sikuona sababu ya kuendelea kushika kisicho changu. Nilikuwa nimeshatia tawi mdomoni mwa sekateri niliposikia sauti.

"Unafanya nini?"

"Nakurudishia, Mama Germaine. Hii ilikuwa ya kwako."

Germaine alisimama chini ya ngazi, sahani ya sombe, yaani kisamvu, mkononi. Alikuwa ameniletea chakula.

"Weye karani," alisema, "miaka makumi tatu na ine ya kuandika, na hukusikia? Octave hakusema atanisalimia. Alisema nabasalimia. Ba, Papa Camille: minye na weye. Alijua kama utabakia peke yako."

Niliondoa sekateri kwenye tawi. Goti langu lilichukua muda kushuka ngazi, naye alinishikia sahani mpaka nilipofika chini.